"Mimi sishiki pesa ya mtu": usajili wa udhibiti wa fedha haramu kwa mtunza hesabu mdogo Uingereza

SWALI

Shikamoo. Naishi Leicester na wanangu wawili. Uhasibu nilisomea nyumbani Dar es Salaam, nina CPA(T), cheti cha uhasibu cha Tanzania. Mchana nimeajiriwa kiwandani kitengo cha mishahara. Jioni na wikendi nawaandikia watu hesabu na kuwajazia ritani za kodi. Nina dereva wa teksi, wauguzi wanaofanya zamu za wakala, dada mwenye saluni, kaka mwenye duka la vyakula vya kwetu. Jumla yao kumi na wanne, na huu ni mwaka wa pili. Juzi rafiki yangu ameniambia navunja sheria kwa sababu sijasajiliwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kwa ajili ya utakatishaji wa fedha. Mimi sishiki pesa ya mtu, naandika vitabu tu. Ni kweli? Na nikijipeleka sasa, si nitakuwa nimejishtaki? Nikishasajiliwa, naruhusiwa kuandika kwenye kadi yangu ya biashara kwamba nimeidhinishwa na HMRC?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako kasema kweli, na kakutendea wema kukuambia kabla hujaambiwa na ofisa. Nitajibu kwa urefu, maana swali hili nalipata mara kwa mara kutoka kwa watu wetu walioko Uingereza, na karibu wote huanza kwa maneno yale yale: sishiki pesa ya mtu.

Sheria inayokuhusu ni Kanuni za Utakatishaji wa Fedha za mwaka 2017, zilizoanza kutumika tarehe 26 Juni mwaka huo. Zinamtaja mhasibu wa nje, yaani mtu au kampuni inayotoa huduma za uhasibu kwa wengine kama biashara. Hazikuweka kiwango cha chini cha mapato. Mwenye ofisi ya ghorofa kumi na mwenye kufungua kompyuta juu ya meza ya jikoni watoto wakishalala, wote wamo. Kutunza vitabu ni uhasibu, kuwaandalia waajiri mishahara ni uhasibu, kujaza ritani ni huduma ya kodi. Tena tangu tarehe 10 Januari 2020 maana ya mshauri wa kodi ilipanuliwa, ikamkumba hata anayetoa msaada wa maana katika kodi ya mwenzake kwa kupitia mtu mwingine. Kumjazia mama yako bure si biashara. Kumjazia jirani kwa pauni ishirini, na wiki ijayo mwenzake, ni biashara. Kazi ya kiwandani haihesabiki kwa sababu pale umeajiriwa. Hii ya jioni ndiyo inayohesabika.

Kwa nini wakutafute wewe usiyeshika noti? Neno letu lenyewe linaeleza. Kutakatisha ni kufua mpaka doa lisionekane. Muuza dawa za kulevya mwenye maelfu ya pauni taslimu hajakosa pesa, amekosa maelezo. Akizipitisha saluni kama malipo ya watu waliosukwa, atahitaji mtu wa kuandika kwamba Jumamosi ile walisukwa watu arobaini. Ritani ikishapelekwa na kodi ikalipwa, pesa ile imepata cheti cha kuzaliwa, na aliyeandika cheti ni mtunza hesabu, mara nyingi bila kujua. Benki inaona akaunti moja tu. Wewe unaona benki, risiti, daftari la mauzo na bei ya bidhaa, na zaidi ya hapo unamjua mwenyewe anaishi wapi na anaendesha gari gani. Sheria inayataka macho yako.

Sasa msimamizi. Wanachama wa vyama vya kitaaluma vilivyotajwa kwenye kanuni, kama ACCA, ICAEW, AAT, ICB na CIOT, husimamiwa na vyama vyao, mradi wana leseni ya kufanya kazi kwa kujitegemea. Asiye na chama msimamizi wake ni HMRC. Najua CPA(T) uliitolea jasho, na elimu yake itakufaa kila siku, lakini NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, haimo kwenye orodha ya wasimamizi wa Uingereza, wala ICPAK ya Kenya haimo. Wengine hudhani namba ya uanafunzi wa ACCA inawakinga. Haiwakingi, na kwa kanuni za ACCA yenyewe mwanafunzi haruhusiwi kufungua ofisi ya kuhudumia umma. Ushauri wangu kwako ni huu: jisajili HMRC sasa, kisha ukipata nafasi tafuta uanachama wa chama kama AAT au ICB, uhamie huko. Chama kitakupa mafunzo na mtu wa kumpigia simu siku utakayokutana na jambo linalokunyima usingizi, na siku hiyo huja.

Pengine umesikia kwamba usimamizi huu unahamia kwingine. Ni kweli kwamba mwezi Oktoba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa FCA, mamlaka ya masuala ya fedha, itachukua usimamizi wa wanasheria, wahasibu na wanaohudumia makampuni. Hilo linataka sheria mpya na maandalizi. Wewe usilifanye sababu ya kungoja, maana wajibu wako upo leo.

Nije kwenye hofu yako kubwa, ile miaka miwili. Fomu itakuuliza ulianza lini kutoa huduma. Andika tarehe ya kweli. Najua kishawishi cha kuandika mwezi huu, na najua watu walioshauriwa hivyo na marafiki. Usithubutu. Kutoa taarifa za uongo kwa makusudi kwa msimamizi ni kosa la jinai, juu ya kosa unalojaribu kulificha, na ushahidi wanao tayari: ritani za wateja wako zimeingia kwenye mitambo yao. Kwa kufanya kazi bila usajili HMRC inaweza kukutoza faini, na huwa inachapisha majina ya biashara zilizokiuka kanuni pamoja na kiasi zilichotozwa. Kujitokeza mwenyewe kabla hujagunduliwa huzingatiwa wanapopanga faini. Kwa hiyo ndiyo, kwa namna fulani unajishtaki, lakini mwenye kujishtaki husikilizwa kwa sikio jingine.

Kuna jambo hukuliuliza, na ndilo linaloniumiza kichwa zaidi kwa ajili yako. Je, mapato ya kazi hii ya jioni umeyatangaza kwenye ritani yako mwenyewe? Posho isiyotozwa kodi kwa biashara ndogo ni pauni 1,000 za mapato ghafi kwa mwaka wa kodi. Ukizidisha hapo, unapaswa kujiandikisha kama uliyejiajiri kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo kuisha. Fomu ya usajili wa fedha haramu itaonyesha makadirio ya mapato yako na tarehe ya kuanza. Ritani yako isipoonyesha kitu, HMRC ile ile itakuwa na karatasi mbili zinazopingana. Tengeneza hili kwanza, au tengeneza yote mawili wiki moja. Na kama viza yako ina masharti, hakikisha inaruhusu kujiajiri kabla hujagusa fomu yoyote.

Wakati unangoja, acha kupokea wateja wapya na acha kutoza wale ulio nao mpaka usajili utoke. Kama tarehe 31 Januari, mwisho wa kupeleka ritani, inakaribia, waambie mapema wajaze wenyewe au waende kwa mhasibu aliyesajiliwa. Watakaorudi watarudi.

Fomu yenyewe haina maajabu. Inajazwa mtandaoni kwa akaunti ya Government Gateway. Utaulizwa jina na anwani, namba ya bima ya taifa, namba ya mlipakodi, huduma unazotoa, makadirio ya mapato na kama una wafanyakazi. Nyumba yako ukifanyia kazi ndiyo jengo la biashara. Ada ipo ya maombi, ipo ya kila jengo, na ipo ya kumwidhinisha kila mmiliki au meneja; viwango huwa wanavibadilisha, kwa hiyo soma ukurasa wa ada siku ile ile unayoomba, na jua kwamba utalipa tena kila mwaka. Aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa yaliyoorodheshwa kwenye kanuni, kama udanganyifu au utakatishaji, hapati idhini. Wakishapata taarifa zote wana siku 45 za kuamua. Baada ya hapo mabadiliko yoyote, ukihama nyumba, ukiongeza huduma, ukifungua kampuni, unayapeleka ndani ya siku 30. Wengi husahau kuhama nyumba.

Hapo ndipo watu hushusha pumzi wakidhani wamemaliza, kumbe usajili ni kubisha hodi tu.

Niliwahi kukaa na mwenzangu siku ofisa alipokuja kumkagua. Meza ilikuwa na chai na faili moja nene. Ofisa hakulifungua faili, alisema tu: nionyeshe tathmini yako ya vihatarishi. Mwenzangu akatoa kurasa kumi na nane alizozinunua mtandaoni, nzuri, zenye jedwali la rangi. Ofisa akasoma ukurasa wa pili, akauliza: hapa umeandika unahudumia wauza mashua za kifahari, ni wateja wako wangapi? Hakuwa na hata mmoja. Alikuwa na madereva wa teksi, wasusi na mchinjaji wa nyama halali. Karatasi ile haikumjua, na yeye hakuijua. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu na ya kuchosha, na yakaishia kwenye barua ya kumtaka aanze upya.

Kanuni ya 18 inakutaka uandike tathmini ya biashara yako wewe, kwa kuangalia wateja, nchi, huduma, aina ya miamala na jinsi mnavyokutana. Ya mtu mmoja mwenye wateja kumi na wanne inatosha kurasa tatu au nne. Kaa na daftari, andika kila mteja kwa jina, na mbele ya kila jina jiulize: pesa yake inaingiaje, inatokaje, na mtu mwovu angeitumiaje biashara hii? Muuguzi wa zamu za wakala analipwa benki na mwajiri anayejulikana, hati za mishahara zipo. Hatari yake ni ndogo, iandike ndogo na useme kwa nini. Dereva wa teksi anayepata safari zake kupitia programu ya simu ana kumbukumbu za kila safari. Anayesimama stesheni akipokea taslimu hana. Saluni na duka la vyakula ndipo pa kukaa kitako. Duka huuza unga, samaki wakavu na vocha, asilimia kubwa ni taslimu, na faida ya bidhaa inajulikana. Mauzo yakipanda maradufu wakati manunuzi yamesimama pale pale, uliza. Saluni haiuzi bidhaa za kuhesabika, kwa hiyo pima kwa saa: viti vitatu, wasusi wawili, msuko mmoja saa nne au tano, je, mauzo ya Jumamosi yanawezekana?

Hapa wewe una kitu ambacho mkaguzi wa Kiingereza hana, nacho ni kuijua jamii yako. Chukua upatu, ambao wengine huuita mchezo au kibati, na ndugu zetu wa Kenya huuita chama. Mteja wako kila mwezi anatoa pauni mia mbili, na mwezi wa zamu yake zinaingia elfu mbili na mia nne kutoka kwa watu kumi na mmoja kwa majina tofauti, na zake mwenyewe ndani. Kwa jicho la mgeni huo ni muamala shuku kabisa. Wewe unajua ni mchezo wa akina mama wa kanisani au wa msikitini. Kujua kwako kusikae kichwani, kuandike: hiki ni kikundi cha watu kumi na wawili, kiasi ni hiki, mzunguko ni huu, nimeona daftari la mweka hazina au ujumbe wa kundi. Ukishaandika hivyo mara moja, kila mwezi una kipimo. Na siku zitakapoingia elfu tisa badala ya elfu mbili na mia nne, kwa watu wasiokuwemo kwenye daftari, utaiona tofauti ambayo mgeni asingeiona, kwa sababu yeye angekuwa ameshashuku tangu mwanzo au ameshazoea.

Vivyo hivyo pesa za kutuma nyumbani. Kutuma pauni mia tatu kila mwezi kwa ajili ya ada ya shule na dawa za mama ni maisha yetu. Kutuma elfu nane kwa mwezi wakati ritani inasema faida ni elfu kumi na mbili kwa mwaka ni hesabu isiyokubali. Usimshuku mtu kwa sababu anatuma nyumbani. Mshuku pale namba zinapokataa. Michango ya msiba au harusi nayo iandikie aya yake, maana kwa wiki moja akaunti ya mtu mmoja inaweza kupokea pesa za watu mia, na baada ya wiki mbili imebaki tupu.

Kumtambua mteja ni jambo la pili. Kabla ya kuanza naye kazi, ona kitambulisho chenye picha, thibitisha anakoishi, elewa biashara yake na kwa nini anakuhitaji. Akija kwa kampuni, mjue mmiliki manufaa, yaani anayemiliki zaidi ya asilimia 25 au mwenye kuitawala hata kama jina lake halipo mbele. Nakala hizo unazitunza kwa miaka mitano baada ya kuachana na mteja, na kwa kuwa unatunza taarifa za watu, kuna ada ya ulinzi wa data inayokuhusu pia, inayolipwa ICO, mamlaka ya ulinzi wa taarifa za watu. Najua ugumu ulipo. Yule dada wa saluni mmekula naye ubwabwa, na leo unamwambia lete pasipoti. Mwambie sheria inakutaka hivyo kwa kila mteja, na anza na aliye karibu nawe zaidi, ili wengine wasikie kwamba hata yeye ameleta.

Watu wetu wengi huogopa kwamba mteja aliyezaliwa Afrika lazima aandikwe hatari kubwa. Nalisema hili kwa msisitizo maana nimeona wahasibu, tena weusi wenzetu, wakifanya hivyo. Kanuni ya 33 inataka uchunguzi wa ziada kwa mteja aliye na makazi kwenye nchi ya hatari kubwa, na inasema wazi kwamba kuzaliwa tu katika nchi hiyo hakuhesabiki. Mkenya mkaazi wa Leicester ni mkaazi wa Uingereza. Nchi zenyewe hufuata orodha za FATF, chombo cha kimataifa cha kudhibiti fedha haramu, ambazo hupitiwa mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba. Tanzania iliingizwa orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025. Uganda ilitolewa Februari 2024, mwezi ule ule Kenya ilipoingizwa. Orodha hubadilika, na namna sheria ya Uingereza inavyozitumia nayo inarekebishwa, kwa hiyo iangalie kila baada ya vikao hivyo na andika tarehe uliyoangalia. Ukipata mteja mwenye kampuni Mombasa inayolipwa kupitia akaunti ya hapa, hapo ndipo swali la nchi linapokuwa swali la kweli.

Jihadhari pia na watu wenye nyadhifa kubwa za umma. Mbunge, waziri, jaji wa mahakama ya juu au jenerali wa nchi nyingine, pamoja na mwenzi wake, wazazi wake, watoto wake na wenzi wa watoto hao, wote wanahitaji uchunguzi wa ziada: pesa imetoka wapi, mali imepatikanaje. Katika jamii yetu si jambo la mbali. Kijana anayesoma Leicester na kukodisha nyumba tatu huenda baba yake yuko bungeni Dodoma au Nairobi. Muulize kwa heshima, kama swali la kawaida la fomu. Akikasirika kwa kuulizwa tu, hilo nalo liandike.

Na ukikuta jambo lenyewe? Taarifa ya muamala shuku hupelekwa NCA, chombo cha taifa cha kupambana na uhalifu, kwa njia ya mtandao. Kwa kuwa hujaajiri mtu wala hushirikiani na mwenzako katika biashara, huna haja ya kuteua ofisa wa taarifa; ni wewe mwenyewe. Kwa Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya mwaka 2002, aliye kwenye sekta hii akajua au akashuku, au akawa na sababu za kutosha za kushuku, kisha akanyamaza, anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Hakuna kiasi kidogo kisichohesabika: pauni hamsini za mauzo zilizofichwa kwa makusudi ni ukwepaji kodi, na matunda yake ni fedha haramu. Makusudi ndiyo mpaka. Mteja aliyesahau risiti, ukamwonyesha akakubali kurekebisha, huyo kakosea, si mhalifu. Mteja anayekuambia "hizi za taslimu usiziandike, ni zetu" amekwisha kusema mwenyewe.

Ukishapeleka taarifa, usimwambie. Wala mume wake, wala rafiki yako aliyekuletea mteja. Kumtonya mteja kwa namna itakayoharibu uchunguzi ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka miwili. Kumshauri asifanye kosa kunaruhusiwa. Unaweza kumwambia "siandiki uongo, na wewe usifanye hivi", ukaishia hapo. Huu ndio mzigo mzito kuliko yote kwa mtu wa jamii ndogo, ambako wote mnakutana kwenye misiba ile ile. Sina dawa yake. Ninachoweza kukuambia ni kwamba taarifa hizo hushughulikiwa kwa siri, na kwamba usichague mteja ambaye tangu siku ya kwanza moyo wako ulisita.

Kuna mambo mawili ambayo huwatumbukiza watunza hesabu wetu shimoni, na usajili wa uhasibu pekee hauwaokoi. La kwanza ni anwani. Mteja anafungua kampuni, anaomba atumie anwani yako kama ofisi iliyosajiliwa, au anakuomba umfungulie kampuni yenyewe. Ukifanya hivyo kama biashara umekuwa mtoa huduma kwa makampuni, kundi jingine lenye usajili wake na kipimo kikali zaidi cha kama unafaa. Litaje kwenye fomu kabla ya kuanza, au kataa. Hata kazi ya kuthibitisha vitambulisho vya wakurugenzi kwa ajili ya Companies House, msajili wa makampuni, ambayo imekuwa ya lazima kwa wakurugenzi wapya tangu tarehe 18 Novemba 2025, inamtaka anayeifanya kwa niaba ya mteja awe kwanza na msimamizi wa fedha haramu na kisha ajisajili kwao.

La pili ni hawala. Mteja anakuachia pauni mia tano, wewe dada yako yuko Kariakoo, anatoa shilingi kule, mnafanya hesabu baadaye, na unabakiza pauni tano za usumbufu. Ukiifanya kazi hiyo kwa watu, hiyo ni biashara ya kutuma pesa, yenye usajili wake HMRC na idhini ya FCA juu yake. Kama umekuwa ukiwasaidia watu hivyo kando ya vitabu, acha leo hii, kabla ya fomu.

Na mimi nikuulize: unaingiaje kwenye akaunti za kodi za wateja? Kama ni kwa nywila zao walizokuandikia WhatsApp, kama wengi wanavyofanya, basi usajili huu una faida nyingine kwako. HMRC hutaka uthibitisho wa msimamizi kabla ya kukufungulia akaunti ya wakala, na kwa akaunti hiyo mteja anakuidhinisha rasmi, nywila yake inabaki yake. Utaihitaji, maana kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 waliojiajiri na wenye nyumba za kupangisha ambao mapato yao ghafi yanazidi pauni 50,000 wanatakiwa kupeleka taarifa kila robo mwaka kwa programu, kiwango kikishuka hadi 30,000 mwaka 2027 na 20,000 mwaka 2028. Kaka wa duka na dada wa saluni wataguswa kabla ya muuguzi.

Kuhusu kadi yako ya biashara: hapana. HMRC inakusimamia kwa upande wa fedha haramu tu. Haijapima ujuzi wako wala kuthibitisha ubora wa kazi yako, na haitaki usajili uonekane kama pendekezo lake kwa wateja. Andika jina lako, CPA(T), utunzaji wa hesabu na ritani za kodi, na namba ya simu. Mteja akiuliza kama umesajiliwa kwa ajili ya fedha haramu, mwambie ndiyo, na mwonyeshe jinsi ya kulitafuta jina la biashara yako kwenye rejista ya HMRC iliyo wazi mtandaoni.